Nichukue Jiografia au niiache? Maswali ninayoulizwa kila matokeo yakitoka

Nimefundisha Jiografia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita kwa muda wa kutosha kujua kwamba simu yangu ina misimu miwili, kama mvua za Pwani. Wa kwanza ni matokeo ya kidato cha pili na cha nne yanapotoka. Wa pili ni dirisha la kubadilisha tahasusi linapofunguliwa, yaani kombi, yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Wanaopiga ni wapya kila mwaka, maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu hapa mara moja. Mengi yanahusu Tanzania Bara. Wasomaji wa Kenya wana jibu lao huko chini.

Kwani Jiografia si somo la lazima?

Kwa mtaala ambao wengi wetu tumeusoma, ndiyo, kidato cha kwanza hadi cha nne. Ilikaa kundi moja na Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia, Historia na Uraia, na hata aliyeingia mchepuo wa sayansi aliibeba mpaka mtihani wa mwisho. Aliyeko kwenye mtaala huo hana cha kuamua kuhusu kuisoma. Anachoamua ni kuipa uzito gani, maana uchaguzi wenyewe unamsubiri kidato cha tano.

Mtaala mpya, uliotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023, unaingia kidato kimoja baada ya kingine na una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mtoto aliyeko kidato cha kwanza leo hafuati orodha ya masomo ya kaka yake. Nendeni kwa mwalimu wa taaluma awaonyeshe orodha ya mkondo wenu.

Wanasema ni somo la kukariri tu. Ni kweli?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na kusema haki, lawama ni yetu walimu. Ukimfundisha mtoto Jiografia kwa kumwandikia ubaoni "sababu tano za mmomonyoko wa udongo" na kumwambia anakili, atakariri, atasahau, kisha atakwambia somo lenyewe linaboa. Ana haki.

Hebu tazama kitu kimoja kwa karibu. Umepewa ramani ya kipimio cha 1:50,000. Unaambiwa upime barabara inayojipinda kutoka kijijini hadi mtoni. Unachukua uzi, unaulaza juu ya barabara, kona kwa kona, kisha unaunyoosha kwenye rula. Umepata sentimita 17.4. Kila sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi, kwa hiyo barabara ni kilomita 8.7. Sasa unaulizwa mwinuko. Unaanzia kwenye kontua, ule mstari unaounganisha sehemu za kimo kimoja, ya mita 1,240 na kuishia kwenye ya 1,560, tofauti ni mita 320. Kwa mstari ulionyooka sehemu hizo zimeachana sentimita 6.4, yaani mita 3,200. Gawanya: ni 1 kwa 10. Kila mita kumi unazokwenda mbele umepanda moja.

Hapo hakuna ulichokariri. Kisha linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: kwa nini nyumba zote zimejipanga upande mmoja wa kilima? Jibu haliko kwenye daftari. Liko kwenye ramani yenyewe. Kontua za upande ule zimeachana, yaani ardhi ni tambarare kiasi, barabara inapita huko, na mto uko karibu. Mwanafunzi anayeliona hilo bila kuambiwa, ninamwambia mzazi wake palepale kwamba huyu aende nayo mbele.

Kukariri kupo, sikudanganyi. Majina ya aina za miamba, hatua za mto, tabaka za angahewa, yote hayo lazima yakae kichwani. Hata daktari anakariri mifupa.

Ina faida gani kwa mtu ambaye hataki kuwa mwalimu wala mpima ardhi?

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh. Watu walikufa, nyumba zikazikwa. Siku zilizofuata nilisikia kila aina ya maelezo mtaani, mengine ya kutisha. Darasani tuliweka mezani vitu vitatu: volkano ya zamani yenye urefu unaozidi mita 3,400 na miteremko mikali, mvua kubwa mfululizo, na makazi yaliyoko chini ya mabonde yanayotoka mlimani. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliunganisha wenyewe. Mmoja, ambaye kwao ni Lushoto, alinyamaza muda mrefu kisha akauliza jinsi ya kujua kama bonde la nyuma ya nyumba yao ni la aina hiyo.

Mtu wa kawaida anayenunua kiwanja Dar es Salaam wakati wa kiangazi anahitaji jicho hilohilo. Akifika masika ndipo anagundua amenunua njia ya maji.

Hisabati inanisumbua. Jiografia itanifaa?

Kidato cha nne, ndiyo, ukiwa tayari kwa hesabu ndogondogo: asilimia, wastani, grafu, vipimio, saa na longitudo. Hiyo ya saa huwatisha wengi bila sababu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika nne. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu mashariki, Kigoma kwenye 29 na kitu. Zidisha tofauti kwa nne, unapata kama dakika 38. Ndiyo maana aliyehamia Kigoma kutoka Dar huona jua linachelewa kuzama wakati saa za mkononi ni zilezile.

Kidato cha tano na sita takwimu zinaongezeka, na kuna upimaji. Tena ukichukua Jiografia pamoja na Uchumi na Historia, au pamoja na Kemia na Baiolojia, utakutana na ile Hisabati ndogo ya ziada wanayosoma wasiokuwa na Hisabati ya juu. Kwa hiyo anayekimbia hesabu kabisa asidhani Jiografia ni kichaka cha kujifichia.

Kombi gani yenye Jiografia ni nzuri?

Nikipata shilingi kwa kila aliyeniuliza hivi, ningekuwa nimeshamaliza msingi wa nyumba. Herufi G, ambayo kwenye majina ya kombi ni Jiografia (Geography), peke yake haikupeleki popote. Inategemea imekaa na nani. Jiografia ni kama wali, utajua ni chakula gani ukiona mboga iliyoko pembeni.

G ikikaa na Fizikia na Hisabati, yaani PGM, unaangalia geomatiki pale Chuo Kikuu Ardhi, sayansi ya hali ya hewa, na milango kadhaa ya uhandisi inabaki wazi kwa kuwa Fizikia na Hisabati unazo. Ni ngumu, na si shule nyingi zinazo, lakini kwangu mimi ndiyo kombi inayodharauliwa bila sababu kuliko zote. Watoto wanaiona kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ya waliokosa Kemia. Mpima ardhi anayemiliki mashine zake hacheki akisikia hivyo.

EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati ya juu. Takwimu, mipango, uchumi, benki, bima. Anayeimudu Hisabati na hapendi maabara, huku ndiko kwake.

HGE, HGL na HGK, yaani Historia na Jiografia pamoja na Uchumi, Kiingereza au Kiswahili, zinakwenda kwenye sheria, ualimu, utawala, maendeleo ya jamii, uandishi wa habari, utalii. Ziko shule nyingi na zina watu wengi, na hapo ndipo penye shida. Mkitoka chuoni mtakuwa wengi mlangoni. Sisemi usiende. Nasema ukienda, nenda na alama za juu, halafu jifunze na kitu cha ziada ambacho wenzako hawana.

Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya hadi jumla ikafika 65, kwa hiyo siku hizi utakuta G imekaa na majirani ambao sisi hatukuwajua, zikiwemo lugha za kigeni. Kabla ya kuchagua ngeni, fungua mwongozo wa udahili wa vyuo vikuu unaotolewa na TCU, tafuta kozi unayoitaka, soma sifa zake neno kwa neno. Anza na kozi kisha urudi nyuma hadi kwenye kombi. Wengi wanaanzia kwenye kombi, na wanalia baada ya miaka miwili.

Binti yangu amepangiwa CBG. Ataweza kuwa daktari?

Mzazi wangu, hapana. Nalijibu hili bila kuzunguka kwa sababu nimeona familia zikiligundua kidato cha sita kikiwa kimeisha. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita. CBG ina Kemia, Baiolojia na Jiografia. Fizikia haimo, na alama nzuri ya Jiografia haiwezi kukaa kwenye nafasi yake.

CBG ni njia nzuri ya kwenda kwenye kilimo, misitu, wanyamapori na mazingira. Wengi wao huishia Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wanafanya vizuri. Lakini kama ndoto ni koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, na alama za Fizikia zipo, dirisha la kubadilisha tahasusi likifunguliwa msilale.

Nimepata D ya Jiografia kidato cha nne. Niendelee nayo?

D ni kuanzia 30 hadi 44, C inaanzia 45. Kwa kidato cha tano ni salama zaidi kuwa na angalau C kwenye masomo ya kombi yako, kwa hiyo kwa D usitegemee sana kupangiwa. Ukiwa na moyo nayo, unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia nyingine ni astashahada, na vyuo vya ardhi, vya misitu na vya wanyamapori vina ngazi hiyo. Usione aibu kupitia huko. Mtu aliyeshika vifaa vya upimaji tangu akiwa na miaka 18 mara nyingi ana mkono mwepesi kuliko aliyeingia moja kwa moja na shahada.

Kabla ya yote, tafuta D ilitoka wapi. Niliowauliza, wengi huanguka kwenye ramani, picha na takwimu, wakati insha wameandika kurasa nne. Hiyo inatibika kwa miezi mitatu. Aliyeanguka kwenye insha kwa sababu ya Kiingereza ana kazi ndefu zaidi.

Inafundishwa kwa Kiingereza. Naelewa kwa Kiswahili lakini siwezi kuandika.

Tatizo hili ni kubwa kuliko linavyozungumzwa. Na halihusu msamiati peke yake. Lugha hizi mbili zinakata dunia vipande tofauti. Mtaani sisi tukisema "hali ya hewa" tunamaanisha mvua ya leo na pia jinsi Dodoma ilivyo kavu miaka yote. Kwenye somo hivyo ni vitu viwili: ya leo ni hali ya hewa, ya miaka thelathini ni tabianchi, na Kiingereza kina neno kwa kila moja. Mwanafunzi anayetafsiri kichwani anachanganya, anaandika ukurasa mzuri kabisa kuhusu kitu ambacho hakikuulizwa, anapata sifuri.

Vivyo hivyo na "mmomonyoko". Mwamba ukipasuka palepale ulipo kwa jua na baridi, mtaani tutasema umemomonyoka. Udongo ukibebwa na maji, tutasema umemomonyoka. Mtahini anataka utofautishe kuvunjika na kubebwa.

Ninachowashauri wanafunzi wangu ni daftari dogo lenye safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, na mahali unapopajua ambapo kitu hicho kipo. Safu ya tatu ndiyo dawa. Ukishaandika makorongo ya Kondoa kwenye safu ya tatu, ile ardhi iliyoliwa kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO mwaka 1973 kuiokoa, neno la safu ya kwanza halikutoki tena.

Shule yetu haina ramani, na mwalimu ni mmoja kwa vidato vyote. Nifanyeje?

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na ramani moja ya rangi, ya mwalimu, na sisi tulipewa nakala za fotokopi nyeusi na nyeupe. Mto, barabara na kontua vyote vilikuwa mistari myeusi. Mtihani mmoja nilipima mto kwa uangalifu mkubwa, kona zake zote, nikidhani ni barabara. Nilipata jibu safi kabisa la mto.

Siku hizi simu moja ya mzazi inatosha kwa mengi. Ramani ya OpenStreetMap ni ya bure, na picha za satelaiti zinakuonyesha kijiji chako kutoka juu. Fungua eneo lenu, chora kwa mkono kwenye karatasi, weka kipimio, alama na mwelekeo wa kaskazini. Jumamosi moja ya hivyo inazidi vipindi vinne vya kunakili ubaoni. Mitihani iliyopita ya NECTA nayo mingi ina kipande cha ramani ndani, itafuteni iliyochapishwa kwa rangi hata kama mtachangia watu wanane nakala moja.

Kwa kidato cha tano mambo ni tofauti. Huko kuna karatasi mbili, moja ya maumbile ya dunia pamoja na kazi za vitendo, nyingine ya binadamu na uchumi, na bila mwalimu wa kukuongoza kwenye upimaji na takwimu utateseka. Ukipangiwa shule, ulizia walimu wa Jiografia kabla ya kuulizia bweni.

Ajira zipo kweli?

Sijawahi kuona tangazo lililoandikwa "anatafutwa mwanajiografia". Kazi zenyewe zina majina mengine: afisa mipango miji, mpima ardhi, afisa misitu, mtaalamu wa mifumo ya taarifa za kijiografia, mtabiri wa hali ya hewa, mtu wa tathmini ya athari kwa mazingira, mratibu wa usafirishaji wa mizigo. Ukitafuta kwa jina la somo utadhani hakuna kitu.

Tazama Sensa ya 2022, ile iliyotuhesabu tukawa 61,741,120. Kabla karani hajabisha hodi, kuna watu walishagawa nchi nzima kuwa maeneo ya kuhesabia kwenye ramani za kidijitali. Au Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaa inayofurika wakichora mifereji, vichochoro na alama za maji yalikofika. Baadhi ya vijana wa namna hiyo leo wanaishi kwa ujuzi huo.

Kuhusu ualimu, niseme ukweli unaouma: walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na wa sayansi na Hisabati huitwa kwanza. Mwenye Jiografia na Hisabati kama masomo yake ya kufundishia amekaa vizuri zaidi kuliko mwenye Jiografia na Historia. Tena kama unaweza kujifunza QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, usisubiri chuo kikufundishe.

Mimi niko Kenya. Haya yananihusu?

Sehemu. Kama uko kwenye mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho ni ya mwaka 2027, Jiografia ina karatasi mbili, 312/1 na 312/2, na uliichagua ulipokaribia kidato cha tatu. Walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wana njia tatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Spoti. Jiografia imewekwa kwenye Sayansi za Jamii, na unachagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Kanuni yangu ya wali na mboga inafanya kazi pande zote mbili za mpaka: tazama masomo mawili yatakayokaa nayo, kisha tazama kozi ya chuo inataka nini.

Baba anataka nisome sayansi, mimi napenda Jiografia.

Usibishane naye kwa maneno. Chukua matokeo yako ya mihula mitatu, weka mezani na ukurasa wa mwongozo wa vyuo wenye kozi unayoitaka. Mara nyingi mzazi anaogopa njaa yako ya baadaye, haichukii Jiografia. Ukimwonyesha PGM au CBG atakuta sayansi ameipata na wewe G yako hujaiacha. Alama za Fizikia zikigoma, mwite mwalimu wako aje nyumbani azungumze naye. Nimeshakunywa chai za namna hiyo nyingi.

Nimepangiwa kombi nisiyoitaka. Nimeshachelewa?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform na kuwaruhusu wahitimu kubadilisha chaguo zao kwa muda maalumu. Ingia mapema, maana siku za mwisho mtandao unakuwa foleni ya kivuko. Ukishapangiwa na kuripoti, wengine hubadilishiwa ndani ya shule hiyohiyo kama nafasi na alama zipo. Nenda wiki ya kwanza. Wiki ya sita mwalimu wa taaluma atakusikiliza kwa huruma, lakini wenzako watakuwa wamemaliza topiki mbili.

Nikiichukua, ninunue nini?

Rula ndefu, penseli ngumu na ufutio mzuri, kikokotoo, protrakta, karatasi za grafu. Na uzi mweupe wa kushonea, kama mita moja hivi. Usitumie sufi, inanyumbuka, utapata kilomita ambazo barabara haina.